Suppléante wa Schaerbeek

Septemba ya mwaka 2012, wabunge walio wengi katika Bunge la jimbo kule Lubumbashi walikuwa wanaongozwa kutoka Brussels, katika chumba cha kusafisha damu, na mtu aliyelala kwenye kiti cha kukunjuka akiwa na sindano mbili mkononi. Usicheke. Mzee Numbi damu yake ilikuwa inatoka, inazunguka ndani ya mashine, inarudi, na mkono uliobaki huru umeshika simu, anafoka mpaka wagonjwa wenzake wanageuza shingo.

"Usiniambie bengi! Bengi haiko jibu! Nipe majina, muntu kwa muntu. Na ule mbunge wa Kambove, umeongea na bibi yake? Hapana? Alors unanipigia simu ya nini?"

Muuguzi Eliane alishachoka kumwambia apunguze sauti. Alikuwa anamtazama tu Anne-Marie, binti wa mzee, kama kusema: huyu ni wako. Naye Anne-Marie, aliyetoka moja kwa moja kazini, kwenye nyumba ya wazee kule Uccle alikokuwa anaosha na kulisha wazazi wa watu wengine, alikuwa anatabasamu kwa aibu na kuinama kutafuta kitu kisichokuwemo katika mkoba.

Kazi yenyewe mzee aliijua, lazima tumpe haki yake. Alianza kama mwalimu wa shule ya msingi Likasi, akaingia ofisi za mgodi, akawa msemaji wa wafanyakazi, na uchaguzi wa 2006 ulipokuja akapata kiti. Hakuwa mtu wa hotuba. Alichojua ni kuhesabu. Jambo halifiki mbele ya Bunge kabla Numbi hajajua nani atasema ndiyo na nani atasema hapana, na hakuwa anawauliza wabunge wenyewe, maana mbunge anadanganya. Alikuwa anamuuliza mke wa mbunge, padri wake, fundi wake wa nguo. Halafu akimtaka mtu, anawatuma hao hao. Jamaa anabanwa kitandani, kanisani na kwa fundi, na mwisho anakuja mwenyewe kwa Numbi na kusema, Honorable, nimefikiri, niko na weye. Miaka sita hakushindwa kura hata moja, na kila mtu mjini alikuwa anamwita Honorable, hata watoto wanaouza maji.

Sasa, kule kwao mbunge hapigiwi kura peke yake. Nyuma ya jina lake yanaandikwa majina mawili ya watu wa akiba, ndio hao wanaoitwa suppléants. Mbunge akifa, au asipoonekana vikaoni muda mrefu bila ruhusa, kiti kinapita kwa wa kwanza, na huyo akikataa, kwa wa pili. Wabunge wote wanajua hesabu hiyo na inawanyima usingizi. Mtu wa akiba anakuja kukusalimu ukiwa na homa, anakuuliza unajisikiaje, na unaona macho yake hayataki jibu jema. Ndiyo maana 2006 mzee Numbi alimwandika wa kwanza binti yake, aliyekuwa Ulaya miaka mingi na hajui hata rangi ya bendera ya chama.

"Nimekuweka kwa liste," alimwambia kwa simu, baada ya kumweka.

"Papa! Miye? Niko Bruxelles!"

"Ndiyo, njo vile. Nataka muntu mumoja asiyenitakia kifo. Nimetafuta mu muji yote, nimekupata weye tu."

Anne-Marie alicheka sana siku hiyo. Aliwasimulia wenzake kazini, nao wakacheka. Wa pili katika orodha alikuwa Polycarpe, kijana aliyekuwa anashika kipaza sauti kwenye kampeni, na ambaye mzee alimlipia shule. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna siku majina hayo yangekuwa na kazi.

Figo zilipoanza kumsumbua, mzee aliruka kuja Brussels kwa matibabu ya mwezi mmoja. Mwezi ukawa mwaka. Alikuwa analala kwenye chumba cha Anne-Marie, ghorofa ya tatu Schaerbeek, na Anne-Marie analala sebuleni, na asubuhi za mashine teksi ya wagonjwa ilikuwa inapiga honi chini. Maji alipimiwa, chumvi ikawa mwiko, ndizi na sombe, majani ya muhogo, vya kuonja tu. Alivumilia yote, mradi simu ilie. Na ililia, jamani! Ililia akiwa bafuni, ililia katikati ya misa, ililia saa ambazo Wabelgiji wamelala fofofo na jirani wa chini anagonga dari kwa fimbo ya fagio.

Kiti cha pili yake pale kwenye mashine kilikuwa cha papa Achille, Mbelgiji wa Auderghem, mzee kabisa, aliyefundisha hesabu miaka mingi katika shule za mapadri Katanga na ambaye Kiswahili chake kilibaki kile cha zamani. Hao wawili walikuwa wanataniana tangu sindano inaingia mpaka inatoka.

"Bwana mukubwa, ungepunguza makelele, kura zingeingia pole pole," Achille alimwambia siku moja. "Miye siku nitachoka, nitasema basi. Hapa ukisema basi, banakuachia. Docteur Lien anakuuliza mara mbili, halafu anakupa mukono."

"Kuacha mashine? Huko ni kujiua, papa Achille!"

"Hapana. Ni kuchoka tu."

Mzee Numbi aliguna na kugeukia simu yake. Anne-Marie alisikia, akayasahau maneno hayo papo hapo, kwa sababu siku hiyo ndipo simu ya Polycarpe ilipoingia.

Ruhusa ya ugonjwa ilikuwa imekwisha. Upinzani ulikuwa umeuliza mbele ya Bunge zima: kiongozi wa walio wengi yuko wapi? Spika akatoa muda. Ama mheshimiwa Numbi aonekane kabla kikao hicho hakijafungwa, ama kiti kipite kwa mtu wa akiba. Polycarpe alikuwa anasema taratibu, kwa heshima zote, papa huku na papa kule, na mzee akakata simu bila kuaga.

"Narudi," alisema.

Daktari Lien hakupindisha. Alisema kule anakokwenda hakuna mashine ya uhakika, na bila mashine, wiki mbili, labda. Mzee akamwangalia Anne-Marie atafsiri, ingawa Kifaransa alikijua kuliko yeye. Alitaka tu maneno hayo yabadilike njiani. Hayakubadilika.

Siku ya tatu Anne-Marie akiwa jikoni anasonga bukari, ugali wa kwao, mzee aliingia akivuta miguu, akaketi.

"Mama," alimwita hivyo kwa sababu alibeba jina la mama yake, "njo weye utaenda."

"Kwenda wapi?"

"Ku Bunge. Weye njo wa kwanza kwa liste. Utashika kiti, miye nitakuongoza na simu. Mpaka nipone."

"Papa, hauponi! Docteur alisema nini?" Neno lilimtoka kabla hajalikamata, akaona uso wa baba yake unakunjamana, akataka kujing'ata ulimi. "Nilitaka kusema... nani atabaki na weye? Nani atapima mayi? Nani atakuvalisha soksi? Na kazi yangu?"

"Kazi yako ni kuosha bazungu," mzee alisema. "Hii ni jimbo."

Walikula bukari ile bila kutazamana.

Basi, shinikizo likaanza. Jumapili baada ya misa, maman Sidonie wa kikundi cha sala alimshika Anne-Marie mkono mlangoni, akamwambia mtoto mwema ni yule anayebeba mzigo wa baba yake. Jumatatu shangazi alipiga kutoka Likasi, analia. Jumanne padri. Jumatano, Mungu wangu, hata msusi wake wa Matonge, mtaa wa Wakongo, akiwa amemshika nywele hawezi kukimbia, alianza, akimwita Ya kama dada mkubwa: "Ya Anne-Marie, nasikia unaitwa ku politique?" Hapo ndipo akili ilipomrudi. Baba yake alikuwa anamhesabu! Alikuwa anamzungukia kama alivyomzungukia yule mbunge wa Kambove. Alirudi nyumbani na nywele zimesukwa upande mmoja, ana hasira zake, akafungua mlango kwa kishindo.

"Papa, miye haiko mbunge wako! Ukitaka kitu, uniombe, usinitumie batu!"

Mzee alikuwa amekaa dirishani. Aligeuka, akasema polepole, kama mtu anayejaribu lugha asiyoijua, "Nakuomba."

Hajawahi kuomba. Tangu Anne-Marie apate akili zake, baba yake aliagiza, alipanga, alituma, lakini neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Akaketi, akasema sawa.

Wiki iliyofuata ilikuwa nzuri, na ndiyo inayouma mpaka leo. Mzee alinyoa ndevu. Alivaa koti ndani ya nyumba. Kila jioni alimsimamisha binti yake katikati ya sebule, akamfundisha namna ya kuinuka bila haraka, namna ya kudai neno, namna ya kunyamaza mpaka wengine waogope. Alimfundisha kuhesabu.

"Ule anayekuambia ndiyo mbio mbio, umuhesabu?"

"Ndiyo."

"Hapana! Ule alishawaambia na bengine ndiyo. Usimuhesabu kabisa. Ule anayekuuliza maulizo mengi, anayekukasirikia, njo wako. Anza na huyo. Ule anayenyamaza, enda kwa bibi yake."

Anne-Marie alijikuta anacheka, anauliza, anabisha. Akamwona tena yule mwalimu wa Likasi aliyekuwa anamfundisha kujumlisha kwa mawe mlangoni. Alifikiri, labda hata itawezekana. Alishaomba likizo kazini, na papa Achille aliahidi kwamba atakuwa anampitia mzee kwa teksi yake, ili asisafiri peke yake.

Jumatatu walipofika, kiti cha papa Achille kilikuwa na mwanamke wasiyemjua, anasoma gazeti. Eliane aliwaambia kwa sauti ndogo. Papa Achille alisema basi, Ijumaa. Daktari alimuuliza mara mbili. Yuko nyumbani kwake, wanawe wamekuja, hana maumivu. Mzee Numbi aliketi, akanyoosha mkono apewe sindano, na saa zote nne hakupiga simu hata moja.

Anne-Marie alitoka kwenye korido, akaegemea ukuta, na hesabu aliyofundishwa ikaanza kujipiga yenyewe kichwani. Nani atamvalisha soksi? Hakuna. Nani atamnyang'anya glasi ya maji? Hakuna. Mjomba yuko Kinshasa, maman Sidonie ana wajukuu, padri ana parokia. Alitafuta jina moja, moja tu, akakosa. Angekwenda kushika kiti cha mtu ambaye angemrudia ndani ya sanduku. Alimkuta daktari Lien, akamuuliza bila kuzunguka: nikisafiri? Daktari akasema, "Madame, sidhani kama atafika Noeli."

Jioni ile alimpigia Polycarpe. Hakumficha baba yake, alisimama mbele yake sebuleni akapiga, simu ikiwa kwenye sauti ya wazi. "Polycarpe, miye nakataa. Nimeshaambia bureau ya Bunge. Kamata kiti."

Upande wa pili Polycarpe akasema, "Ya Anne-Marie, Mungu akubariki. Papa anajua?"

"Niko namusikia," mzee alisema.

Alipokata, Anne-Marie alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake. "Papa, unisamehe. Nimefanya vile juu ya kukulinda."

Mzee hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. "Nilikuandika weye," alisema, "juu weye hautanitakia kifo."

"Na sikutakii! Njo sababu!"

"Najua," alisema, akaomba asaidiwe kulala.

Wiki hiyo Polycarpe alithibitishwa. Na kesho yake simu haikulia.

Haikulia kesho kutwa wala mtondogoo. Mzee aliichomeka umeme, akaichomoa, akamwambia Anne-Marie aangalie kama imeharibika. Haikuwa na kasoro yoyote. Wale wote waliokuwa hawawezi kukohoa bila kumuuliza, waliokuwa wanamwamsha usiku na kusema papa bila weye tumekufa, wamekwenda wapi? Aibu iwapate popote walipo! Anne-Marie alimeza fedheha akawapigia mmoja mmoja: mpigieni tu mzee, dakika mbili, mumuulize chochote. Wote walisema kesho, ma sœur. Polycarpe hakupokea kabisa. Alikuwa kwenye kikao, akasema mtu aliyeshika simu yake.

Siku moja, akiwa kituo cha tramu anasubiri kurudi nyumbani, Anne-Marie alimpigia yeye mwenyewe, ili mradi ilie. Ikapokelewa kabla ya mlio wa pili, na sauti ikatoka imenyooka, ile ya zamani: "Allô, Honorable Numbi!"

"Papa, ni miye."

"Ah," mzee alisema.

Alijaribu tena mara nyingine moja, kisha akaacha. Hakuweza kuisikia ile "ah" mara ya tatu.

Asubuhi moja ya Novemba honi ya teksi ililia chini, na mzee alikuwa bado kitandani na pajama zake. "Waambie baende," alisema.

Anne-Marie alidhani amelala vibaya. Alipoelewa, alipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari. Daktari Lien alikuja mwenyewe mchana, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamuuliza kwa Kifaransa. Alimuuliza mara mbili. Kisha akampa mkono, na Anne-Marie akayakumbuka maneno ya papa Achille, yote, neno kwa neno.

"Nitaenda, papa!" alisema daktari alipotoka. "Napanda avion leo! Nitawaambia nilikosea!"

"Kwenda fasi gani? Kiti kiko na muntu."

"Basi ukae kwa ajili yangu. Niko hapa. Miye niko hapa!"

Mzee alimshika uso kwa kiganja, kwa upole ambao hakuwa nao alipokuwa mzima. "Weye ni kura moja, mama," alisema.

Anne-Marie alivua viatu, akalala sakafuni kando ya kitanda, akalia mpaka kichwa kikamwanga, na mkono wa baba yake ulining'inia karibu na nywele zake lakini haukumfikia.

Siku za mwisho mzee alivimba, akawa anasinzia, anaamka, anataja majina. Yalikuwa majina ya wabunge. Alipoacha kuyataja, aliacha pia kufumbua macho, na kilichobaki ni pumzi nzito inayokuja na kukawia. Maman Sidonie alikuja akasali, akaenda kupika. Ilikuwa alasiri, mvua inapiga kioo, Anne-Marie anamlowesha baba yake midomo kwa kitambaa, sasa kwa maji yote anayotaka, hakuna wa kumpimia.

Simu ikalia.

Ililia juu ya blanketi, karibu na mkono wa mzee, na Anne-Marie kwa sekunde moja aliamini kabisa kwamba mkono ule utainuka. Haukuinuka. Akapokea yeye.

"Ya Anne-Marie? Ni Polycarpe. Nipe papa, mbio. Kesho kuna vote, banataka kutuangusha, na hapa hakuna muntu anayejua kuhesabu. Miye nimeuliza bote, bote banasema ndiyo. Nianze na nani?"

Anne-Marie alishusha simu, akaiweka kwenye sikio la baba yake. "Papa," alimwambia, "ni Lubumbashi. Bunge linakutafuta. Polycarpe anauliza aanze na nani."

Alisubiri. Upande wa pili ilisikika, "Allô? Honorable? Allô, papa?" Pumzi ilikuja, ikakawia, ikaja tena. Uso wa mzee haukubadilika hata kidogo. Alisubiri mpaka Polycarpe akaanza kuita kwa hasira, ndipo akairudisha simu kwenye sikio lake.

"Papa anasema hivi," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Bale banaosema ndiyo mbio mbio, usibahesabu. Anza na ule anayekukasirikia. Na ule anayenyamaza, enda kwa bibi yake."

"Anayekukasirikia... kwa bibi yake..." Polycarpe alikuwa anarudia, bila shaka anaandika. "Ah, papa! Papa ni muntu mukubwa! Ya Anne-Marie, umwambie merci mingi."

"Nitamwambia."

Akakata. Polycarpe hakuuliza mzee anaendeleaje. Anne-Marie aliirudisha simu juu ya blanketi, akachukua kitambaa chake, akaendelea kumlowesha midomo.